Mwaka Tulioingia Bila Kuitwa

Tausi alizikwa Jumatano alasiri, na mimi nikapata habari huku Unguja jioni, boti ya Pemba ikiwa imeshaondoka. Nilifika Mkoani siku ya tatu, mpwa wangu akanipeleka Chokocho, nikaingizwa chumba cha wanawake wakati khitma imekwisha na sinia za wali zinaanza kupita. Mtu asiyeona huwekwa ukutani, mahali ambapo hakuna wa kumkanyaga, kisha husahauliwa. Ndiyo maana katika maisha yangu nimesikia mengi ambayo hayakukusudiwa kunifikia. Bibi mmoja, upande wangu wa kulia, alikuwa akimwambia mwenzake, "Afadhali Mola kampumzisha. Mtoto wa watu kateseka na mguu ule tangu yu mdogo." Mwenzake akaitikia, "Na kuolewa hakuolewa." "Angeolewa na nani naye vile?" Nikalirudisha tonge kwenye sinia. Tausi ninayemjua mimi alikuwa mkali, mcheshi, mlaji wa pilipili mbichi, na sikumbuki hata siku moja kumsikia akilalamikia mguu wake. Aliyokuwa akiyalalamikia ni mengine. Nilikaa pale na mkono wenye mafuta ya wali, nikiukumbuka mwaka ule mmoja, mwaka tuliolala chumba kimoja.

Tulikuwa kidato cha pili, katika skuli moja ya Mkoani ambayo ilikuwa imeamriwa ipokee wanafunzi wenye ulemavu na haikujua iwaweke wapi. Dakhalia, bweni la wasichana, ilikuwa na ngazi, basi sisi tukapewa ghala la madawati mabovu lililokuwa ubavuni mwa jiko. Chumba kile nakijua mpaka leo kwa nyayo zangu. Saruji ilikuwa na ufa uliotoka mlangoni ukapita chini ya vitanda vyote vitatu, na mimi nikiufuata kwa kidole gumba kama mtu anayefuata njia ya kondeni. Kilinuka chaki, kinyesi cha popo na moshi wa kuni mbichi. Tausi alichukua kitanda cha mlangoni, kwa ajili ya fimbo yake. Polio ilikuwa imempooza mguu wa kulia. Babu yake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, akaoa, akazaa na akazikwa Chokocho, lakini watu walikuwa bado wakiwaita Wanyamwezi, hata huyo mjukuu aliyekuwa akizungumza Kipemba kizito kuliko changu. Nasra alichukua kitanda cha dirishani kwa sababu alihitaji mwanga wa kuonea midomo na mikono yetu. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, binti wa mwenye duka pale pale Mkoani, ukoo wa watu wanaojiita Waarabu ingawa Kiarabu chao kilikuwa cha kwenye msala tu. Mimi nilitoka Kisiwa Panza. Surua ilinichukulia macho nikiwa na miaka tisa, nimeshajua kusoma na kuandika. Nikapewa kitanda cha pembeni, maana kwangu mwanga haukuwa kitu.

Watu hutuuliza, mimi na Nasra, vipi kipofu na kiziwi walizungumza. Mwanzo hatukuzungumza. Tausi alikuwa katikati. Alijifunza mikono ya Nasra kwa miezi miwili, akawa anageuza maneno huku na huku mpaka koo linamkauka. Kisha siku moja ya mvua, Tausi kaenda chooni, Nasra akanishika mkono, akaufungua, akachora kwa kucha yake herufi moja moja: N-J-A-A. Nikacheka. Nilikuwa sijasoma neno kwa miaka sita, na la kwanza kulisoma likawa hilo. Tangu siku hiyo aliniandikia kila kitu, nani kavaa nini, mwalimu gani kanuna, na mimi nikimjibu vivyo hivyo kiganjani mwake, polepole, yeye akinipiga begani nikikosea.

Mlezi wetu alikuwa Bi Riziki, mwanamke mwenye roho nzuri ambaye hakutuachia jambo hata moja. Yeye ndiye aliyeamua lini tuoge, nywele zetu zisukwe vipi, nani ale nini. Mtu akitaka kujua kama nimeshiba humwuliza Bi Riziki, naye hujibu, "Keshashiba huyo." Tausi alivumilia mpaka mwezi wa tatu, kisha akamkabili jikoni. "Bi Riziki, twataka jiko la mafuta." "Jiko la nini? Chakula si mwaletewa?" "Twataka kupika wenyewe, siku za Jumapili." "Na huyu asiyeona akiungua, mamake nitamjibu nini?" "Utamjibu kaungua akipika." Ilichukua wiki nyingi, na ilibidi Maalim Shaame, mwalimu mkuu wetu, aingilie kati, lakini jiko likaja. Jumapili ya kwanza tulipika muhogo wa nazi na papa mkavu. Nasra alikuna nazi, Tausi alikaa juu ya kibao akatoa amri, mimi nikashika mwiko. Niliungua kifundo cha mkono, nikakificha ndani ya buibui siku nne, si kwa kuogopa, bali kwa sababu kilikuwa changu. Muhogo ulikuwa na chumvi nyingi mno, na tuliumaliza wote.

Lakini si kila chakula cha chumba kile nakikumbuka kwa furaha. Kila Ijumaa, baada ya sala, mama yake Nasra, Bi Zuwena, alituletea pilau. Alikuwa mkarimu, alikaa nasi, alituombea dua. Na kila Ijumaa nilisikia vyombo vikitua sakafuni: sahani ya udongo kwa Nasra, sahani ya udongo kwangu, na kwa Tausi bakuli la bati. Chakula kilikuwa kile kile na nyama ile ile. Chombo tu kilikuwa mbali, na bati lina mlio wake, huwezi kuukosea. Nilijua kuanzia Ijumaa ya pili. Nilijua pia kwa nini, kwa sababu hata kwetu Panza niliwahi kusikia wazee wakisema habari za watu wa bara na vyombo vyao. Sikusema kitu. Pilau ilikuwa tamu, na mimi nilikuwa mgeni wa mtu.

Nasra ndiye aliyefanya jambo. Ijumaa moja mama yake alipokwisha kupakua, nilisikia bati likikwaruza saruji, kisha udongo ukisukumwa upande wa mlangoni kwa Tausi, kisha vidole vikigonga ndani ya bati. Bi Zuwena akapiga kelele, "Nasra! Hilo si lako!" Alimpigia kelele mwanawe kiziwi, kwa mshituko tu, kama mama yeyote. Nasra akaendelea kula. Wiki iliyofuata zilikuja sahani tatu za udongo, na Bi Zuwena hakukaa sana. Jioni ya Ijumaa ile ya bati Tausi aliniuliza, "Ulikuwa wajua?" Nikasema, "Nilikuwa nasikia." "Tangu lini?" "Tangu mwanzo." "Na ulikula." "Nilikula," nikasema. Hakuniuliza tena, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nikakosa pa kuyaweka maandalizi yangu.

Mwisho wa mwaka ukakaribia. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi, nikimngoja mwalimu aliyekuwa akinisomea historia, nikasikia kupitia matundu ya ukuta sauti ya Maalim Shaame na ya mgeni, afisa aliyekuja kukagua. Afisa alisema chumba chetu kitafungwa, skuli haina uwezo. "Huyu wa Panza ana hifadhi nzuri kichwani, arudi kwao akasomeshe Kurani chuoni. Wa Chokocho tumpeleke Wete, kuna darasa la ushoni, atalala na kula huko. Na huyu wa dukani babake kaniambia kuna posa, binamu yake. Mambo yake yamekwisha." Maalim Shaame akauliza, sauti chini, "Na wenyewe tuwaambie lini?" "Siku ya kikao, wazee wakisharidhia. Kwani wao watasema nini?" Nilisikia kikombe kikirudishwa juu ya kisahani.

Nilirudi chumbani nikamwambia Tausi kwa mdomo na Nasra kwa kiganja. Kwa Nasra ilichukua muda, kwa sababu habari ile ilikuwa ndefu. Tausi hapo hapo akasema tutaingia kikaoni, tuitwe tusiitwe, na kila mmoja ataeleza anachotaka. Kisha akanigeukia. "Haya Mize, weye wataka nini?" Nikafungua mdomo, sikuwa na neno. Naona haya kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa na miaka kumi na sita na swali lile sikuwahi kuulizwa na mtu, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa hodari wa kujua nisichokitaka. Nilichokitaka nilikitafuta siku tatu, nikiwa kitandani, nikiwa darasani, nikiwa nasuuza masufuria, na nilipokipata kilikuwa kidogo: nilitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne, mtu anisomee maswali na aandike majibu yangu kama ninavyoyatamka. Tausi alitaka kubaki skuli, basi. Tukamwuliza Nasra, tukijua atasema hivyo hivyo, maana Tausi alikuwa ameshaandika katika karatasi "Sisi watatu tunataka kuendelea na masomo." Nasra akaniandikia kiganjani: S-I-T-A-K-I S-K-U-L-I.

Tulikasirika. Tausi alimwambia kwa mikono, akitoa sauti pia kwa hasira, kwamba anaturudisha nyuma, kwamba wakimwona mmoja kashindwa watatutoa wote, kwamba baada ya mwaka mzima wa taabu zetu anataka kwenda kukaa ndani na binamu. Nasra akapiga mguu chini. Akaandika tena, kwa nguvu hata kucha ikanichubua. Alikuwa amechoka kukaa darasani mbele ya midomo ambayo hakuielewa, kila siku, miaka na miaka. Binamu yake Ali hamtaki. Anataka duka la babake. Anataka akae mbele, auze, wateja wamwone, si kufichwa nyuma ya pazia akifunga sukari kwenye mifuko. Niliyatamka kwa sauti neno kwa neno, na nilipomaliza Tausi alikuwa amekaa kitandani. Baada ya muda nikasikia karatasi ikichanwa. "Nilikuwa nafanya yale yale ya afisa," akasema. Akaanza kuandika upya, aya tatu mbalimbali.

Kikao kilikuwa darasa la kidato cha kwanza, wazee wamekaa kwenye madawati ya watoto. Tuliingia wakati afisa anazungumza. Fimbo ya Tausi ilikuwa mbele, mimi nimeshika bega lake, Nasra kanishika mimi. Mama yangu, aliyevuka asubuhi ile kutoka Panza, aliguna, "Mize, we Mize, mnataka nini kuno?" Tausi akatoa salamu, wakaitikia, naye akaanza kusoma. Aya yangu ilipita kimya. Aya yake ilipita kimya. Alipofika kwenye ya Nasra, Mzee Salum, baba yake, akagonga dawati. "Ngoja. Nani kasema hayo?" "Nasra, mzee wangu." "Nasra hasemi. Weye ndiye unayesema. Mtoto wa bara aje amtie binti yangu maneno, mimi nikae nisikilize?" Nilihisi bega la Tausi likikaza chini ya vidole vyangu. Alimgeukia Maalim Shaame, akasema kwa adabu kabisa, "Maalim, mimi natoka nje. Mpeni chaki." Akatoka. Nilisikia fimbo yake ikienda mpaka mwisho wa baraza na kusimama.

Ukaanza mlio wa chaki. Nasra aliandika muda mrefu, herufi kubwa, akibonyeza mpaka chaki ikakatika mara mbili. Kisha mlio ukakoma, na mimi peke yangu ndani ya chumba kile nikawa sijui kimeandikwa nini. Nikasema, "Nisomeeni." Hapana aliyesoma. Nikasema tena, "Maalim, tafadhali nisomee." Maalim Shaame akakohoa, akasoma: "Baba nataka duka. Mbele si nyuma. Ali simtaki. Tausi haongopi." Dawati likalia, Mzee Salum akasimama. Nilidhani anaondoka. Alikwenda ubaoni. "Huu mwandiko wa nani?" akauliza, ingawa alikuwa amemwona akiandika. Maalim akamwambia, "Wa binti yako, mzee." "Nyumbani hajaandika hata siku moja." "Kuna mtu alimpa kalamu nyumbani?" Mzee Salum alisimama pale, nadhani alikuwa akisoma tena.

Ya Nasra babake aliyakubali, yangu yalikubaliwa pia, na hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli kuliko pengine popote. Afisa alifikiri, akasema anaweza kuacha nafasi moja ya dakhalia, moja tu. Mimi nibaki, nipewe mwalimu wa kunisomea. Tausi anaona na anasikia, akitaka masomo asome akitokea nyumbani. La hataki, Wete ipo. Kisha akaniuliza, mimi mwenyewe, kwa jina langu, "Wewe Mize unasemaje?" Ilikuwa mara ya kwanza mtu mkubwa kuniuliza hivyo. Nikasema, "Nimeridhika." Neno moja. Mama yangu akashukuru Mungu kwa sauti. Tausi alikuwa bado yuko nje barazani.

Alipoambiwa hakulia. Asubuhi alifunga nguo zake ndani ya kanga, na wakati anaifunga fundo akasema, "Sikukasirikii kwa kupata nafasi. Umeulizwa, umesema, ndicho tulichokipigania. Lakini ulipoulizwa, hukukumbuka kuwa mimi nipo?" Niliomba radhi. Akasema, "Haya." Wete alikataa. Watu wa Chokocho walimwita mkaidi, aache kitanda na chakula cha bure. Mwaka uliofuata alijaribu kutokea nyumbani. Aliamka kabla ya alfajiri, alisimama njiani na fimbo yake, na magari yalimpita kwa sababu kumpandisha kunachelewesha. Siku nyingine alifika somo la tatu likiwa limeanza, kalowa mpaka mifupa, na mwalimu akimwuliza kwa nini kachelewa. Katikati ya kidato cha tatu nikaacha kuisikia fimbo yake barazani. Mimi nilifaulu. Nikaenda Unguja, nikasomea ualimu, na hii ndiyo kazi iliyonilea mpaka nimezeeka. Nasra alikaa mbele ya duka tangu mwaka ule ule, na aliolewa alipotaka, na aliyemtaka.

Tausi sikumtembelea kwa miaka kumi na kitu, kwa aibu. Nilipokwenda, nilisikia nje ya mlango wake cherehani cha mkono kikizungushwa. Alikuwa fundi, tena fundi wa kutegemewa, wasichana wa Kangani na Mkoani walimfuata yeye kwa nguo za harusi. Alinikalisha, akanipa chukuchuku, samaki changu wa kuchemsha, na pilipili, akaendelea kushona huku tunazungumza. Nikashindwa kuzuia ulimi. "Tausi, si ushoni huu huu uliokuwa ukipelekewa Wete?" Cherehani kikasimama. "Siyo huu. Ule nilipewa. Huu niliutaka." Kisha akanicheka, akaniambia nile, samaki anapoa. Siku ile ndiyo niliyojua kuwa nimesamehewa, kama si zamani.

Mwaka jana alipata uvimbe tumboni. Daktari alisema aende Unguja apasuliwe, na kwamba pengine itasaidia, pengine haitasaidia. Akakataa. Ndugu yake Musa, anayeishi naye nyumba moja, alinipigia simu: "Dada Mize, Tausi hatusikilizi sisi. Mwambie wewe." Nilimpigia Tausi nikiwa nimeshapanga maneno yote, nani atampokea bandarini, atalala kwangu, nitamwuguza mimi. Niliposikia sauti yake maneno yale yakanitoka kichwani. Nikamwuliza anataka nini. Akasema, "Nataka nikae hapa. Ninayo magauni mawili ya watu sijayamaliza. Nataka nisikie watu wakipita njiani." Nikamwuliza kama anaogopa. "Naogopa," akasema. "Lakini nataka niogope kwangu." Nikamwambia Musa simwambii aende. Tausi aliishi miezi saba baada ya hapo, na alimaliza magauni yale mawili.

Nilipokuwa nikitoka siku ile ya khitma, Musa alinijia ukumbini, akanishika mkono. Wageni walikuwa bado wamejaa. "Dada Mize," akasema, "ungemwambia nenda, angekwenda. Wewe alikuwa akikusikiliza. Pengine leo tungekuwa naye." Nikamwambia, "Pengine." Akauliza, "Basi kwa nini hukumwambia?" Sikutaka kumpa jibu la mwalimu. Nikasema, "Nilimwuliza, Musa. Akanijibu." Mkono wake ulikuwa bado umeshika wangu. Kisha akalia, mwanamume mzima, kwa sauti, ukumbini mbele za watu. Mzee mmoja akaanza kumwambia astahamili, amwombee marehemu. Mimi sikumwambia anyamaze. Nilisimama naye pale, nikamsubiri mpaka alipotaka mwenyewe kuuachia mkono.